Springi za Baba Mkwe

Kwenye mlango wa karakana yangu kuna ubao: SPEA YA MTEJA HUFUNGWA MTEJA AKIWA AMEKAA HAPA. Nimeuandika mwenyewe. Shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo kama kuna herufi imepinda, ipinde. Watu wakiusoma wanacheka. Mimi sicheki.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru, hapa hapa Bagamoyo. Baba mkwe wangu alikuwa na duka la vitambaa Mji Mkongwe, na lori la injini ya petroli lililochukua mananasi Kiwangwa na korosho Miono kupeleka Dar es Salaam. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ndiye dereva. Mimi ndiye fundi.

Lori likaanza kukohoa. Nikafungua injini, nikakuta kamshafti imelika. Kamshafti ni ule mtaimbo wenye nundu. Ukizunguka, kila nundu inasukuma fito ya chuma, fito inafungua valvu, kijilango cha hewa, springi inairudisha valvu ifunge. Nundu zikilika, injini haipumui.

Kamshafti kama ile haikupatikana tena. Aliyoipata mkwe ilikuwa ya injini mpya kidogo. Iliingia vizuri, ila nundu zake zilikuwa ndefu zaidi. Nikaenda kwa mkwe.

"Baba, hii inafungua valvu zaidi ya ile ya kwanza. Inataka springi na fito zinazoifaa. Niruhusu niende Dar nikachague."

Akanitazama toka miguuni hadi kichwani. "Nimpe fundi hela akaninunulie spea? Mimi mtoto mdogo?"

Ndivyo tulivyoonwa. Fundi kwao alikuwa mwizi ambaye hajakamatwa bado. Mwenye gari ananunua spea mwenyewe, anakuja nayo kwapani imefungwa gazeti, anasimama mlangoni kama askari. Nimemwoa binti yake, Idi nakula sinia moja naye, na bado kwake mimi ni mkono wa kuchungwa.

Akaenda mwenyewe. Akarudi na springi, akazimwaga kwenye baraza yake mbele ya wanywa kahawa wake. Zilikuwa nene, na kila moja ilikuwa na doa la rangi ya kijani la kiwandani.

"Nimezichagua kwa mkono," akasema. "Nimeuza vitambaa miaka yote, kitu imara nakijua kwa kukiminya."

"Na fito, baba?"

"Si zipo zile za zamani? Chuma hakiozi."

Nilizibiringisha fito za zamani juu ya kioo cha kabati la mke wangu. Iliyonyooka inateleza kimya. Iliyopinda inagonga kioo, ko, ko, ko. Mbili ziligonga. Kisha nikafunga springi moja, nikageuza injini kwa mkono mpaka nundu ikafika juu. Waya wa springi ukajikunja, pingili juu ya pingili. Nikachukua wembe kujaribu kuupitisha katikati. Haukupita. Maana yake springi imefika mwisho, haina pa kwenda, na injini ikienda kasi fito ndiyo itakayolipa. Nikamwita mkwe aje aone.

"Baba, hata wembe haupiti."

"Springi ya kupitisha wembe ya nini? Mimi nataka isiyolegea. Funga."

"Na hizi fito zimepinda."

"Huna nyundo?"

Angekuwa mteja mwingine ningemwambia chukua chuma chako uondoke. Lakini yule ni mkwe. Mkwe akisema funga, unafunga, na meno umeyauma. Nikafunga.

Lori halikumaliza wiki. Lilikufa njiani likitoka Kiwangwa, mananasi yamejaa mpaka juu. Shemeji alirudi kwa miguu, na mananasi yakachacha juani mpaka nyuki wakayamiliki.

Asubuhi nikapita barazani kwa mkwe. "Shikamoo, baba."

Wanywa kahawa wakatazama vikombe vyao. Nikarudia, "Shikamoo." Hakuitika. Akamgeukia jirani yake, akasema kwa sauti ya kunifikia:

"Springi nilizoleta zilikuwa nene. Fundi kauza nene, kafunga mbovu."

Shemeji akadakia, "Kwani koti hilo jipya kalitoa wapi?"

Koti lenyewe lilikuwa la mtumba, na nilikuwa nalo tangu harusi! Hasira ilinipanda mpaka masikio yakaziba. Fundi akishaitwa mwizi mji huu, nani atamletea gari? Atafungua karakana awatengenezee mbuzi?

Nikaomba lori livutwe, nikasema liletwe pale pale, mbele ya baraza. Nikatandika shuka jeupe chini, nikavua koti, nikamtupia shemeji. "Shika. Kagua mifuko."

Nikafungua kifuniko cha injini. Nikatoa fito kwanza. Zilikuwa zimepinda kama ndoano, si mbili tena. Nikaziweka kwenye shuka. Kisha nikatoa springi, moja moja, nikizifuta kwa kitambaa. Kijani. Kijani. Kijani. Mzee mmoja wa kahawa, aliyekuwapo siku zilipomwagwa, akaweka kikombe chini.

"Bwana," akamwambia mkwe, "hizi si zile zako ulizoziminya?"

Mkwe akainama, akaokota moja, akaigeuza. Nikasimama mbele yake, mikono imejaa oili.

"Shikamoo, baba," nikasema kwa mara ya tatu, na sikuisema kwa upole.

Akairudisha springi kwenye shuka. "Marahaba," akasema. Kisha kwa wote, "Springi ni zangu. Nilizinunua mimi." Akanisogezea hela. "Nenda ukachague."

"Siendi peke yangu. Nikienda peke yangu kesho nitakuwa mwizi tena. Twende wote."

Dukani Dar nilitaja urefu wa nundu, mwenye duka akaleta springi na fito mpya. Kabla sijagusa kitu, mkwe akatoa wembe ndani ya kofia yake, akaupitisha kwenye springi iliyolala mezani.

"Unapita!" akasema, ameshinda.

"Mpaka ikandamizwe, baba."

Akageuka kwa mwenye duka, kwa ukali wote: "Humsikii fundi? Ikandamize!"

Lori lile lilitembea miaka. Radhi hakuniomba mpaka anazikwa. Siku ile ile tuliporudi toka Dar nilitafuta ubao na rangi. Rangi niliyopata ilikuwa ya kijani.