Nilimnunulia Mpiga Fidla Saa ya Ukutani

Naomba niseme mapema msije mkaniuliza huko chini. Ndiyo, ni mimi niliyependekeza mgeni aliyevuka nchi tatu kwa ndege akapigie fidla yake stoo.

Stoo. Pamoja na mafagio.

Mkicheka, chekeni taratibu. Nina watoto.

Mimi ni mpiga ngoma, mwaka wa kumi na tisa sasa. Mtaani wananiita Radi, jina nililojipa mwenyewe kisha nikangoja watu walizoee.

Siku moja Mratibu wa ukumbi wetu wa sanaa, mama asiye na masihara, aliniita ofisini. Amempata mzee mmoja mpiga fidla wa nchi ya mbali. Tutunge kipande kimoja, yeye akiwa kwao na mimi kwetu, kwa simu ya video. Baada ya miezi mitatu mzee aje, tupige pamoja jukwaani.

"Mkielewana, mnazunguka nchi nne," alisema. "Msipoelewana, tutashukuruana."

Mimi nilisikia nchi nne tu. Wiki hiyohiyo nikaacha kazi kwenye duka la mbao. Niliaga kwa hotuba.

Kipande chetu kilikuwa cha kujibizana. Fidla inauliza, ngoma inajibu, kisha ngoma inauliza, fidla inajibu. Lugha yake siijui, na yeye yangu haijui, kwa hiyo tulikuwa na dada mmoja, Mkalimani, katikati yetu.

Siku ya kwanza tu nikaona kasoro. Mzee anachelewa.

Nauliza kwa ngoma, kimya. Kimya. Halafu ndiyo fidla inakuja, kama mtu aliyeitwa mezani akaanza kutafuta ndala.

"Kaka, huo ni mtandao," Mkalimani aliniambia. "Sauti inachukua muda kufika."

"Mtandao gani? Huyu mzee ni mzito tu."

Nikaamua kumfundisha kimyakimya. Yeye akiwa bado anamalizia swali, mimi nishaanza jibu. Nilitaka aone mtu mwepesi anavyofanya kazi. Baada ya wiki mbili ule ukimya ukapungua, na baada ya mwezi ukaisha kabisa.

Nikamwambia kila mtu kwamba nimemnyoosha. Kinyozi nilimwambia mara mbili.

Na ili mzee asirudi kwao bila kumbukumbu, nikamnunulia zawadi: saa ya ukutani, yenye namba kubwa. Mwenye akili angeelewa.

Akaja. Mzee mwembamba, mpole, anasalimia mpaka viti. Kesho yake ndiyo onyesho, kwa hiyo mchana ule tukaingia ukumbini kufanya mazoezi ya ana kwa ana.

Fidla ikaanza kuuliza. Swali halijafika nusu, nikajibu. Jibu langu halijafika nusu, akauliza jingine. Nikamkata. Akanikata.

Kipande cha dakika nane kiliisha dakika ya tatu. Tulisikika kama watu wawili waliokwama mlangoni, kila mmoja anataka atangulie.

Mratibu akavua miwani.

"Rudieni."

Tukarudia. Dakika mbili na nusu.

"Kesho saa nne asubuhi nawasikiliza mara ya mwisho," alisema. "Ikiwa hivi, kipande kinatoka, na zile nchi nne zinatoka nacho."

Nilikumbuka hotuba yangu ya duka la mbao.

Hapo ndipo nikatoa wazo la stoo. Kwa simu si tulikuwa tunaelewana? Basi mzee akae stoo na simu, mimi nikae jukwaani na simu. Masikini, alikubali. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ameshika upinde wake, ananitabasamia kwenye kioo cha simu kutoka hatua kumi.

Mratibu alifungua mlango wa stoo, akamwangalia, akaniangalia.

"Nimemkatia mtu tiketi avuke nchi tatu, aje akae na mafagio?"

Nilirudi nyumbani nimenywea. Mke wangu alikuwa anakunja nguo.

"Mzee ameniharibia maisha," nikamwambia. "Ananikatiza."

"Sasa na wewe huwa..."

"Mimi namsubiri vizuri tu."

"Nilikuwa nataka kukuuliza kama..."

"Ndiyo, nimeshamwambia Mratibu."

Akaweka shati chini.

"Baba watoto, nimekaa na wewe miaka kumi na mbili. Sijawahi kumaliza swali."

Kumbe nyani haoni kundule, na mimi langu nilikuwa nalipigia ngoma.

Asubuhi, saa nne, nilikalia mikono yangu. Sitanii, niliiweka chini ya mapaja.

Fidla ikauliza. Ikafika pale ninapoingiaga, nikatulia. Ikaendelea.

Jamani, lile swali lilikuwa na mkia. Miezi mitatu nalikata na sijawahi kuusikia. Mwishoni fidla ilikuwa inashuka, inapungua, inabaki uzi mmoja tu wa sauti, na uzi ule ulikuwa na huzuni ya mtu aliyekaa mbali na watu wake. Machozi yalinitoka, siwafichi. Niliona aibu pia, maana kitu kizuri kuliko vyote katika kipande chetu nilikuwa nakifunika kwa kelele zangu.

Ndipo nikatoa mikono, nikajibu polepole, mpaka mwisho.

Mzee aliningoja nimalize.

Mratibu akavaa miwani yake. Jioni ile dakika nane zikawa kumi na moja, na watu walisimama.

Baada ya onyesho nilitaka kuizika ile saa, lakini mke wangu alishaibeba kwenye mfuko. Ikabidi niitoe. Mzee akaifungua. Kisha akainama kwenye begi lake, akanipa kifurushi. Cha mviringo.

Saa ya ukutani.

Mkalimani alicheka mpaka akakaa chini.

"Anasema miezi mitatu amewaambia watu wa kwao kwamba wewe ni mzito," alitafsiri akifuta macho. "Anasema akaamua akufundishe kimyakimya. Awe anaanza kabla hujamaliza."

"Na wewe ulijua?"

"Kaka, nilijaribu kukwambia. Kila nikianza unanikatiza."

Nchi mbili tumeshazunguka, mbili zimebaki. Saa yake iko sebuleni kwangu, na sijaibadilisha, inasoma saa za kwao. Nikitaka kumpigia simu, naiangalia kwanza.

Ndugu zangu, kabla hujamwita mwenzako mzito, mwache amalize. Huenda unachokisubiri kiko mwishoni mwa kile unachokikata.

Mke wangu amesimama hapa mlangoni, anataka kuniuliza kitu. Namsikiliza.