Kigoda mbele ya oveni

Oveni ya mama iko Makoko, kwenye chumba cha nyuma. Mama tulimzika nyumbani Butiama, na sasa dada yangu ndiye anayeoka mikate na kuipeleka kuuza Iringo. Alinipigia simu nikiwa Bunda, kwenye kibanda changu cha ufundi.

"Njoo unitengenezee ile swichi," alisema. "Mtoto akilia siwezi hata kuinuka."

Nilielewa. Oveni ya namna ile ina swichi ndogo nyuma, kazi yake kukata umeme joto likizidi. Ya kwetu ilizeeka, ikawa inakata umeme mikate ikiwa nusu mbichi, mama akamwomba mtu aziunganishe nyaya zake mbili moja kwa moja. Tangu hapo hakukuwa na cha kuzuia moto isipokuwa mama mwenyewe. Alikaa kwenye kigoda mbele ya oveni, akinusa, mpaka mkate utoke. Wageni aliwasalimia hapo hapo. Dada alirithi oveni na kigoda chake, lakini yeye ana mtoto mchanga.

Nilizima swichi kubwa ya ukutani, nikahakikisha kwa testa kwamba umeme umekatika kweli. Hata wewe ukijaribu siku moja, hapo usiwe na haraka. Nikafungua bati la nyuma. Zile nyaya zilikuwa bado zimesokotana, na juu yake umelala unga mkavu. Nilikawia kuufuta.

Swichi mpya inatakiwa iwe ya kiwango kilekile cha joto kama ya zamani, na ibanwe igusane na bati. Ikining'inia haihisi kitu. Nilipomaliza kuchomeka nyaya, dada akauliza, "Tayari?"

"Bado. Hatujaiona ikikata."

Nikachomoa waya wa feni ndogo ya nyuma inayopooza bati, ili joto lirundikane, nikafunga bati, tukaiwasha oveni ikiwa tupu. Mimi nikakaa kwenye kigoda, mkono karibu na swichi ya ukutani, endapo ile mpya ingeshindwa.

"Ukiiunguza, utaenda Butiama ukamweleze mwenyewe," dada alisema.

"Ataniuliza kwanza kama nimekula."

"Alikuwaga hivyo." Akacheka.

Bati likaanza kunuka moto, na ndani yake harufu ya mikate yote iliyowahi kupita pale. Zamani harufu ile ikinifikia kitandani nilijua mama ameshaamka. Nikiwa pale kwenye kigoda chake, nilijikuta naomba swichi isikate upesi.

Ikakata. Tak, taa nyekundu ikazimika. Nilizima ukutani, tukaiacha ipoe, nikafungua bati, nikabonyeza kitufe kidogo cha kuirudisha swichi, nikarudisha waya wa feni, tukawasha tena. Joto likapanda hadi pa kuokea likatulia pale. Dada akaingiza mikate, akavuta kigoda, akakaa.

"Inuka," nilimwambia. "Sasa inajilinda yenyewe."

"Najua."

Hakuinuka. Kisha mtoto akalia chumba cha pili, naye akasimama, akaitazama oveni mara moja, akaenda. Nikamsikia akimbembeleza kwa wimbo wa mama, bila haraka yoyote.

Nilikuwa nimeshafunga mkoba wa vifaa, na gari za Bunda bado zilikuwepo. Nikaketi kwenye kigoda mpaka mkate ukaiva.