Vitovu Viwili vya Mengo

Mama yangu mdogo wa Kampala alinipigia simu Jumapili moja akaniambia nije nimchagulie dini kabla hajafa. Nikacheka. Nilidhani ni utani wake wa siku zote, maana miaka nenda miaka rudi amekuwa akinitania kwamba mimi ni kuku wa kienyeji, nadonoa kila uwanja. Safari hii hakucheka na mimi. Alisema tu, "Masanja, kuja," akakata simu.

Nieleze kwanza kwa nini aliniita mimi na si mwingine. Yeye na mama yangu mzazi walikuwa mapacha, Waganda wa Mengo. Mama alikuwa Babirye, pacha wa kwanza. Huyu ni Nakato, wa pili. Mama alipoolewa kwetu Mwanza, Wasukuma wa kwa baba walimbadilisha jina siku hiyo hiyo wakamwita Kulwa, kwa sababu kwetu pacha wa kwanza ni Kulwa na hakuna mjadala. Ana miaka sita sasa tangu atutoke. Mimi nami niliacha kanisa nikiwa chuoni. Sikuacha kwa hasira, niliacha kama mtu anavyoacha kwenda kwa kinyozi fulani. Tangu hapo nimefunga Ramadhani na jirani zangu, nimekaa kimya na watu wanaofumba macho na kuhesabu pumzi, nimekwenda kwa mganga wa Magu kumsikiliza tu. Naamini kuna kitu. Kitu gani, usiniulize. Jamaa zangu husema njia mbili zilimshinda fisi, sembuse mimi mwenye sita. Mama mdogo yeye aliiona hiyo kuwa sifa. "Wewe hauna upande," aliniambia baadaye. "Utaona sawasawa."

Saa kumi na mbili asubuhi ya Jumatatu basi liliondoka Mwanza. Tulivuka Busisi kwa daraja, tukalizunguka ziwa upande wa magharibi, na njia nzima nilikuwa nimejaa raha ya kuitwa. Mtu mzima ananiita nimwamulie jambo la roho yake! Kazi yangu ni kupima viwanja. Ndugu wawili wakigombania shamba la baba yao, mimi huweka bikoni, jiwe la mpaka, katikati, kila mmoja anachukua upande wake, na jioni wananishukuru wote wawili. Nilijiona mtu wa haki. Bukoba nililala vizuri sana, na kila nikikumbuka usingizi ule najisikia vibaya.

Mutukula, Jumanne asubuhi, askari wa mpakani aliniuliza ninakwenda kufanya nini Kampala. Nikasema naenda kumwona mama mgonjwa. Akanigongea mhuri bila maneno mengi. Baada ya Masaka barabara inapita penye mstari wa ikweta, na pale wageni walikuwa wakipigwa picha mguu mmoja huku, mguu mwingine kule. Nikamwambia jirani yangu wa kiti kwamba hao ndio watu wenye akili. Akanitazama, akarudi kwenye simu yake.

Mengo nilifika jioni kabla jua halijazama. Nyumba ya mama mdogo iko chini kidogo ya ukuta wa Lubiri, kasri la Kabaka, nyumba ya matofali yenye vyumba vitatu vya kupangisha nyuma. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka barazani, amekonda, miguu imevimba, lakini macho ni yale yale ya mama. Hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Nikapiga magoti kumwamkia kama mama alivyonifundisha, na nilipoinua kichwa nikawa nalia. Aliniacha nilie, kisha akaniuliza kama Mwanza siku hizi hatupewi chakula. Kiswahili chake ni cha kambini. Mume wake marehemu alikuwa polisi, na lugha hiyo aliipata kwenye nyumba za askari, haikupungukiwa na amri.

Asubuhi ya Jumatano alinituma kabatini nimletee kikapu kidogo chenye mfuniko. Ndani mlikuwa na vifurushi viwili vya lubugo, ile nguo ya gome la mti, vimeshonewa simbi na kufungwa pamoja kwa ukambaa wa mgomba. Kila kimoja kilitosha kiganjani. Vilikuwa vitovu vyao, cha mama na chake, vilivyohifadhiwa na bibi tangu vilipodondoka. Waganda huviita mapacha, na huwatunza kama watu. Kwa mapacha, akanieleza, unachomfanyia mmoja unamfanyia na mwenzake. Ukimshonea huyu gauni, na yule ashonewe. Hata mama alipofariki hakuna mtu wa Mengo aliyesema amekufa. Pacha hafi. Walisema ameruka.

Shida yake ilikuwa hii. Mpangaji wake, mama mmoja wa Bukavu anayeuza vitenge, alikuwa amemzoesha kusali na Wakongomani kwenye kanisa lao la Old Kampala. Alipapenda. Mchungaji alikuwa tayari kumbatiza, lakini alisema vifurushi vile vichomwe kwanza. Upande wa pili alikuwapo Ssalongo, mzee wa ukoo anayetunza sabo, yaani kibanda cha mizimu ya kwao, huko mbele ya Nansana. Ssalongo alisema mapacha wapelekwe kwake kabla Nakato hajaruka, la sivyo watabaki bila mtu na watawasumbua watoto. Harriet, binti wa mama mdogo anayeishi Bugolobi, alikataa kuligusa jambo lile hata kwa kidole.

"Nikienda kanisa, naogopa hizi," mama mdogo alisema, mkono juu ya kikapu. "Nikishika hizi, naogopa kanisa. Nimechoka kuogopa, Masanja. Chagua moja. Mimi nitakufa nayo hiyo."

Nikamwuliza yeye mwenyewe moyo wake unaegemea wapi. Akasema kama angejua asingenitoa Mwanza. Akaongeza kwamba hataniuliza neno mpaka nimalize. Tulikubaliana hivyo.

Alhamisi nilikwenda Old Kampala. Kanisa liko ghorofa ya juu, juu ya maduka ya zamani ya Wahindi, na ngazi zake ni za mbao. Ilikuwa siku ya maombi ya mchana. Wanawake waliokimbia vita wakiwa na watoto mgongoni walikuwa wakiimba, na nyimbo zile ziliingia mahali ambapo pumzi za kuhesabu hazijawahi kufika. Nililia kwa mara ya pili juma lile. Mchungaji, mtu mpole mwenye koti lililomzidi mabega, hakunihubiria. Aliniambia tu kwamba mama yangu anabeba mzigo, na mzigo hauwekwi chini nusu.

Ijumaa nilikwenda kwa Ssalongo. Alinikaribisha kwa punje za kahawa za kutafuna, tukakaa kwenye nyasi ndani ya sabo, mlangoni kumetundikwa lubugo. Hakukuwa na vitisho vyovyote, wala damu, wala macho mekundu ya kwenye sinema. Palikuwa na utulivu na harufu ya moshi wa zamani. Mzee alinitajia majina ya babu zangu wa upande wa mama, mmoja baada ya mwingine, majina ambayo sikuwahi kuyasikia, na nikahisi mgongo wangu umenyooka. Nilitoka pale nikiwa nimeshiba bila kula.

Nilivipenda vyote viwili, na hapo ndipo nilipoharibu. Mtu aliyechukia kimoja angeweza kuchagua. Mimi nilirudi Mengo nikijiambia kwamba ukweli hauna fensi, kwamba hawa wote wanaita kitu kimoja kwa majina tofauti, na maneno mengine matamu ya aina hiyo ambayo huwa tunaambiana sisi tusio na pa kusali. Kisha nikafanya kile ambacho mikono yangu imekizoea. Jioni ile nilichukua kikapu chumbani kwangu, nikatoa kisu changu cha kazi, nikakata ule ukambaa. Kimoja nikakiweka mfuko wa kushoto wa begi, kimoja wa kulia. Nusu kwa nusu. Mchungaji atapata chake, Ssalongo atapata chake, na mama mdogo atakuwa salama pande zote. Niliona nimepata jibu ambalo wenzangu wote walishindwa kuliona.

Jumamosi asubuhi nilikuwa Nansana. Ssalongo alipokea kifurushi kwa mikono miwili, akakitazama, kisha akatazama begi langu.

"Na mwenzake?"

Nikasema anakuja. Nikasema nitamleta kesho kutwa, nimemwacha na mama. Nilisema haraka kama mtoto aliyeshikwa na sukari mdomoni. Mzee akasema basi atamsubiri, asianze kitu bila yeye. Alisubiri bure.

Jumapili baada ya ibada, uani nyuma ya maduka yale, mchungaji aliwasha moto kwenye karai. Nikampa kile cha pili. Naye akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ndugu, ni yote?" Nikasema ni yote. Lubugo huungua polepole. Ilitoa moshi mzito kwanza, ndipo ikashika. Wale wanawake waliimba. Mpangaji wa mama mdogo alinishika mkono akanishukuru kwa machozi. Watu wawili ambao wasingekaa mkeka mmoja walikuwa wameniuliza swali moja, na mimi niliyekuja kutafuta ukweli niliwadanganya wote wawili ndani ya siku mbili. Lakini wakati ule sikuliona hivyo. Nilikuwa na njaa, na nilikuwa nafurahi kwamba nimemaliza.

Jumapili hiyo hiyo, saa tisa alasiri, nilimweleza mama mdogo. Harriet alikuwa amekuja na matunda, ameketi karibu naye. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, kama ninavyoeleza ramani. Nilipofika kwenye kisu, Harriet alifunika mdomo. Mama mdogo hakusogea.

"Umetugawa," alisema.

Nikasema sikugawa, nimepatanisha. Nikasema mengi, aibu inanishika kuyarudia. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Hiyo umechoma ilikuwa ya nani?"

Sikujua.

"Hukuuliza," akasema, wala haikuwa swali. "Ungeuliza ningesema. Yangu ilikuwa na ushanga moja mwekundu, chini. Mama yetu aliweka, asichanganye."

Nilijaribu kukumbuka. Nilikumbuka mikono ya Ssalongo. Nilikumbuka koti la mchungaji, karai, nyimbo, machozi ya yule mama wa Bukavu. Nilijikumbuka hata mimi mwenyewe, jinsi nilivyosimama. Vifurushi vyenyewe sikuwa nimevitazama hata mara moja. Nikasema nitachukua bodaboda sasa hivi, nikimbie Nansana, nikaangalie kile kilichobaki.

"Hapana," mama mdogo alisema. "Wewe usiende. Utakuta ni ya mama yako imebaki, na utafurahi kwamba iliyoungua ni yangu. Sitaki ufurahi."

Sijawahi kuambiwa jambo la kweli kuliko hilo, wala kanisani, wala kwenye sabo. Maana ndivyo nilivyokuwa nikiomba, pale pale mbele yake, mimi nisiyeomba. Sikwenda.

Jumatatu niliondoka. Aliniaga kama kawaida, akaniwekea ndizi za njiani, akasema nimsalimie baba. Hakunilaumu tena. Barabara ya Masaka ilikuwa na mvua, na kwenye ikweta sikuona mtu. Bukoba sikulala. Nilikuwa nikilirudia lile agizo lake: chagua moja, nitakufa nayo hiyo. Hakunituma nikaamue Mungu ni nani. Alijua siwezi. Alitaka mtu wa damu yake achukue njia moja pamoja naye, hata kama ni njia isiyo sahihi, asiogope peke yake. Angeweza kuvumilia kosa. Kugawanywa hakuweza, na hilo alikuwa ameniambia siku ya kwanza kabisa, kikapu kikiwa wazi mbele yetu.

Nilichojifunza ni kidogo na nimekilipia ghali, wala si mimi niliyelipa zaidi. Nilizoea kusema sina upande kama mtu anayesema ana shahada. Sasa najua ya kwamba kutokuwa na upande kunamfaa mtu aliye peke yake. Ukishashika vitu vya watu wengine mkononi, huna ruhusa hiyo. Majuto ni mjukuu, wazee wetu husema, na huyu mjukuu wangu halali.

Harriet alinisimulia kwenye simu jinsi mambo yalivyoendelea. Mama yake hakubatizwa, kwa sababu alikataa kumdanganya mchungaji kwamba vifurushi vyote vimeungua. Kwa Ssalongo pia hakwenda, kwa sababu angekwenda na nini. Kila Jumapili alivaa nguo zake za kanisa, akakaa barazani mpaka mchana, kisha akazivua.

Aliruka miezi minne baada ya mimi kurudi. Harriet alinipigia asubuhi, akasema Ssalongo amefika msibani na kile kifurushi kilichobaki na anauliza azikwe nacho au la. Ukoo umesema mwenye neno ni mtoto wa Babirye. Kwa mara ya kwanza sikuomba muda wa kufikiri. Nikasema, mzikeni nacho. Nilimsikia akihema, akasema asante kaka, afadhali, angalau cha kwake kilisalimika.

Sikumwuliza kama kina ushanga.