Mistari ya Kichwa cha Biira

Mafuta ya nywele yalinukia nyumba nzima kule Bwera asubuhi ile tuliyompeleka Biira Kasese. Mdogo wangu huyo alikuwa na miaka minane, na tangu msimu wa kuvuna kahawa alikuwa akishtuka ghafla, kikombe kinamtoka mkononi, chai inamwagika. Aliwahi kuugua surua kabla hajatimiza mwaka. Daktari alimweleza mama, nami nikisikia, kwamba surua huweza kuacha ugonjwa adimu unaojificha ubongoni miaka mingi, na ukiamka hauna dawa. Kipimo cha mawimbi ya ubongo, kinachoyachora kama mistari, kingesema. Kama mistari yote ingeruka juu kwa pamoja, ikatulia, kisha ikaruka tena kila baada ya sekunde chache, tungempoteza Biira.

Wahenga walisema siku njema huonekana asubuhi, lakini yetu ilianza kwa aibu. Mama alikuwa amemsuka na kumpaka mafuta mpaka kichwa kinang'aa, maana kwetu hupeleki mtoto kwa wakubwa na nywele timutimu. Kufika hospitalini, waya za kipimo zikagoma kushika kichwani.

"Mama, mafuta yote hii ya nini?" daktari akauliza.

"Mutoto yangu aende kwa munganga na kichwa kavu? Batu batasema hana mama!"

Tukamfumua na kumwosha kwa sabuni ya kufulia kwenye bomba la uani, yeye akipiga kelele, sisi tukilowa chapachapa. Hatimaye akalazwa, waya zimemjaa kichwani, mistari ikaanza kutembea kwenye kioo. Mimi na kiherehere changu nikasimama karibu nikihesabu sekunde. Ghafla mistari yote ikaruka.

"Mama, imeruka!" nikapiga yowe. Mama akaanguka magotini.

Daktari akamtazama Biira. "Mama, simama. Mutoto anakucheka vile umelowa. Hiyo ni misuli ya uso tu."

Biira alipotulia, nilihesabu hadi mia mbili, na mistari haikuruka tena kwa pamoja. Upande mmoja tu zilichomoza ncha ndogo ndogo. Daktari alisema ni kifafa, na kifafa kina vidonge. Mama alicheka, akalia, akamkumbatia daktari wa watu mpaka akamlowesha koti. Sijawahi kufurahi vile.

Siku hizi Biira anauza vitenge Mpondwe, na wanawe wawili walichanjwa surua kabla sijauliza. Msimu ule nilimwachia kila kitu, hata kipande kinono cha samaki, kwa hofu tu. Sasa hatuachiani hata neno. Kila Jumapili ananiambia sijui kupika, nami napaza sauti kumshinda. Majirani hudhani tunachukiana. Waache wadhani, mimi ninaye wa kugombana naye.