Maji ya Majani Nyuma ya Rido

Tulikuwa watu watano mu ile nyumba ya Nyabiondo. Mimi, mama wa muzazi. Binti yangu, kitinda mimba wangu, aliyekuwa amezaa siku mbili mbele sijafika. Mutoto mwenyewe, musichana, bado hajapewa jina. Mukwe wangu, bwana wa binti yangu, mulimaji wa maharagi na mihogo ambaye anaendesha pia moto, pikipiki ya kubeba watu. Na mama yake, mujane, ambaye alijenga ile nyumba pamoja na bwana yake zamani; mimi na yeye tunaitana bamukwe. Mbuzi simuhesabu, ijapokuwa na yeye alilala ndani.

Majina ya wengine wote niko nayo kichwani, hata la mbuzi. Lakini kwetu jina la mukwe halitoki kinywani mwa mama wa bibi yake, yaani mimi. Sasa nikimuficha yeye mumoja na kutaja wengine, itaonekana namudharau. Basi wote wakae bila jina.

Nilitoka Buleusa na furushi la majani kichwani, kwa sababu kuogesha muzazi ni kazi ya mama yake. Majani ni matatu. Mubirizi, lile chungu. Muravumba, lile lenye harufu. La tatu mama yangu aliliita tu «lile», na mimi vilevile naliita «lile». Mimi ninayekumbuka majina ya watu wote niliobatizwa nao siku moja, lile jani sikupata kulijua jina. Ni laini, lina nywele ndogo, chini yake ni nyekundu, na linapenda kukaa karibu na maji baridi. Unachemsha yote matatu, unamufunika muzazi blanketi akae juu ya mvuke, kisha unachovya kitambaa na kumukanda mugongo, tumbo na miguu, halafu unamufunga kitenge kwa nguvu. Maji yaliyobaki yanamwagwa kwenye shina la mugomba. Siku muzazi anabeba basini la maji hayo yeye mwenyewe mpaka kwenye mugomba, njo kuoga kumeisha. Mbele ya siku ile, muogeshaji haondoki. Akiondoka, wanasema mugongo wa muzazi unabaki wazi.

Siku yangu ya tatu, masasi ya bunduki yakaanza kulia juu ya kilima. Asubuhi upande wa Walikale, muchana upande wa kwenda Sake. Barabara ikafungwa huku na huku.

Sasa usikie shida. Mukwe na mama wa bibi yake hawaonani uso. Mukwe alikuwa amepanga kulala kwa rafiki yake mpaka nimalize kazi yangu. Lakini kwa rafiki kulikuwa kumejaa wakimbizi, akabaki. Nyumba ni vyumba viwili na jikoni nyuma. Wakatundika rido, pazia la kitambaa, katikati. Mimi, binti yangu na mutoto upande huu, mukwe na mama yake upande ule. Akitaka kupita, anakohoa mara mbili, na mimi ninajifunika kichwa na kitenge kama kuku chini ya kitunga. Nilijifunika mpaka shingo ikauma. Nje masasi, ndani rido, na sheria ya kuoga inaniambia usiondoke. Nilikaa pale nikihesabu miti ya dari. Ilikuwa kumi na moja.

Siku ya tano majani yakaisha.

Ningevumilia, kama si binti yangu. Kila sasi likilia, anaruka na kukunja mugongo, hapati usingizi. Maziwa yakakauka. Mutoto ananyonya, anaacha, analia, anarudi tena. Infirmière wa santé, muuguzi wa kituo cha afya, alikuwa amemuambia anywe maji mengi, anyonyeshe mara nyingi, apumzike, na maji ya vuguvugu si mabaya, ila asitie jani lolote ndani ya mwili. Kunywa alikunywa. Kunyonyesha alinyonyesha. Kupumzika njo kulikataa. Nilipomuogesha na majani yote matatu, alisinzia amekaa, na maziwa yakaja yenyewe mpaka kitenge kikalowa. Nilipomuogesha na maji matupu, alitetemeka tu.

«Mama,» akaniambia, «kama maziwa hayarudi, mutoto atakunywa nini? Duka zimefungwa.»

Nikageukia ukuta, kwa maana mukwe huwezi kumusemesha, lakini ukuta unaweza.

«Wewe ukuta,» nikasema kwa sauti, «mwambie mwenye nyumba kwamba majani yameisha. Mubirizi iko kwenye lupango, pembeni ya nyumba, muravumba iko nyuma ya choo. Lile la tatu liko kule chini kwenye mto. Ni laini, lina nywele, chini ni jekundu.»

Mama ya mukwe akajibu kwa ajili ya ukuta: «Linaitwa nani?»

«Lile.»

«Lile lipi?»

«Lile tu, bamukwe. Halina jina.»

«Eh! Jani lisilobatizwa!» Akacheka. «Mwanangu, nenda utafute mupagani mu mto.»

Mukwe akaenda, akipitia mu mihogo. Binti yangu akashika mukono wangu mpaka aliporudi. Nikasikia sashe ya plastiki yenye majani inaanguka chini, nikasikia mama yake anaenda jikoni. Sikujua kwamba anaharakisha ili na yeye awe na sehemu katika kuoga kwa mama wa mujukuu wake. Alipika majani bila kunionyesha. Mimi nilipotoka kwa mulango wa nyuma, sufuria ilikuwa inachemka, na harufu ikanifikia mbele ya moshi.

Niliipiga teke. Maji yakamwagika juu ya moto, majivu yakaruka, mbuzi akakimbia.

«Umerukwa na akili?» akalia. «Kuni zangu!»

«Bamukwe, hii ni dawa ya samaki! Tunaiponda, tunaitupa mu mto, samaki wanalewa wanaelea. Ulitaka mutoto anyonye hii?»

Akashika mudomo. Watu wa kilima hawavui samaki, wangelijuaje? Sisi wa upande wa mito ya Walikale tunalijua tangu utoto. Nalo pia ni laini, nalo pia linakaa karibu na maji. Nyuma ya ukuta nikamusikia mukwe wangu anavuta pumzi kama muntu aliyepigwa.

Mama yake akajitahidi kucheka. «Kumbe kwenu Buleusa munaoga dawa ya samaki.»

«Si sisi tulioileta.»

Hakucheka tena. Mutoto alikuwa analia ile sauti nyembamba ya kuchoka. Nikaona kama nikiendelea kusema na ukuta, kesho mukwe ataleta jani lingine baya zaidi. Na kama nikienda peke yangu, njia za kule chini sizijui, barabara siwezi kukanyaga.

Nikajifunika kitenge kichwa chote, nikaacha tundu la jicho moja. Nikaambia ukuta: «Nakwenda mtoni. Mwenye kujua njia aniambie kwa kukohoa. Mara moja kuume, mara mbili kushoto.»

Mama yake akasema: «Ee Mungu wangu.» Kisha: «Muende. Lakini musisimame wima mu mihogo.»

Tukaenda hivyo. Mimi mbele nimeinama, mukwe nyuma hatua kama kumi, anatazama visigino vyangu tu. Alikohoa vizuri, sitamusingizia. Sasi moja lililia mbali, tukalala chini wote wawili, kila muntu kwenye mutaro wake, nikawaza: nikifa hapa, watasema nilikufa nikitembea na mukwe.

Kwenye mto nikaliona, limejificha chini ya jiwe. Nikapiga magoti, nikasemesha muti uliokuwa karibu.

«Muti, unasikia? Njo hili. Ushike chini yake, usikie nywele. Ulivunje, usikie harufu. La samaki linanuka kama mavi ya popo. Hili halinuki.»

Na nyuma yangu sauti ikasema polepole: «Muti umesikia, Mama.»

Hakupaswa kujibu. Sikugeuka. Nilivuna, na mukono wake ukawa unavuna pembeni, nikaona vidole vyenye mafuta ya ile pikipiki yake, vinachagua vizuri.

Muchana ule nilimuogesha binti yangu na majani matatu. Mama ya mukwe alishika blanketi. Binti yangu akalala amekaa, kichwa kwenye bega langu, na masasi yalipolia hakuruka. Kitenge kikalowa. Mutoto alinyonya mpaka akaacha mwenyewe.

Mukwe aliendelea kuleta majani, na hakukosea tena. Siku ya nane binti yangu alibeba basini, akatembea wima mpaka kwenye mugomba, akamwaga. Kuoga kukaisha. Nilikuwa nimekwisha kufunga furushi langu.

Lakini barabara ilikuwa bado imefungwa. Nikakaa kwenye kizingiti na furushi magotini. Mama ya mukwe akaniletea kitunga cha maharagi.

«Bamukwe, mugongo wa muzazi umefungwa,» akasema. «Na wewe umefungwa pia. Chambua.»

Ninaandika hii ningali hapa, nyuma ya rido. Kila asubuhi sauti inasema: «Ukuta, mwambie Mama barabara bado.» Na mimi najibu: «Ukuta, mwambie asante.»

Kama nimekosea siku, ao hesabu ya miti ya dari, ao kama sufuria niliiangusha kwa mukono na si kwa muguu, mwenye kuwa pale anirekebishe. Mwenye kujua jina la lile jani aniletee, nitafurahi. Na mukwe wangu, akiona nimedanganya mahali, aambie ukuta.