Miche Mirefu ya Valérie

Kwa urefu wa miche, Valérie hakuwa na mpinzani Goma nzima, na yeye mwenyewe ndiye angekuwa wa kwanza kukuambia. Kitalu chake kilikuwa ukingoni mwa bonde dogo la mazuku, ile hewa nzito ya kaboni inayotoka ardhini na kuua mbuzi. Watu walipakwepa. Yeye alifunika miche yake pale kwa plastiki, joto na hewa ile vikakaa humo pamoja, na miche hiyo, ya miti ya grevilea, ikapaa haraka ajabu.

Jirani yake Nshobole, mjane mpole, aliotesha yake nje, penye upepo. Ilikuwa mifupi. Siku ya salongo, kazi ya pamoja ya jamii, parokia ilipokutana kupanda miti kwenye uwanja wa shule, wote wawili walileta miche. Valérie akauinua mmoja wa Nshobole juu, kila mtu auone.

“Mama Nshobole, hii ni muti ao ni lengalenga ya kupika?”

Watu wakacheka mpaka machozi. Ikapandwa ya Valérie peke yake. Nshobole akajitwika yake, akarudi nayo nyumbani.

Kiangazi kilipokaza, grevilea zote zikalala chini. Olivier, fundi wa kilimo, akang’oa mmoja mbele ya wazazi.

“Mama, ile hewa ni chakula ya majani, na joto inayakuza mbio. Muti imepanda juu, mizizi haikufuata. Na hewa ya dunia yote inaanza kufanana na ile ya mazuku yako, pole pole: kaboni na joto vinazidi. Tunahitaji miti yenye kuzoea jua na upepo.”

Valérie akatamani ardhi immeze. Miti ilimuuma, ndiyo, lakini kilichomchoma zaidi ni kile kicheko. Alikianzisha yeye.

Kesho yake akajikaza, akaenda kwa Nshobole. Hakujua aweke wapi macho.

“Mama, unisamehe. Nilifanya batu bakucheke. Mvua ikirudi, tupande miti yako. Mimi mwenyewe nitaibeba.”

Nshobole akamsogezea kiti. Hakuwa na kinyongo hata kidogo, na hilo lilikuwa baya zaidi.

“Nilishakusamehe, mama. Lakini miti haiko tena. Siku ile ile niliipatia mbuzi zikule. Sasa ninauzisha makala ya kupikia. Aksanti uliniambia mapema, mbele ya kupoteza nguvu bure. Ni wewe unajua miti.”

Nshobole hakuwa amesikia habari za uwanjani. Ikabidi Valérie aseme kwa kinywa chake.

“Mama, yangu yote imekufa,” akasema, akajifunika uso kwa kitenge.