Dakika Yangu Moja Dirishani

Juzi nilifika stesheni ya Same mapema, kwa kuwa najivunia kupanga siku yangu vizuri. Garimoshi langu la Tanga lilikuwa bado, nikaegemea dirisha la tiketi nikiongea habari za mvua na karani, aliyeketi chini ya picha ya Mfalme wa Uingereza.

Nyuma yangu akaja mama mmoja, miguu imejaa vumbi la njia ya milimani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Naomba nitangulie. Binti yangu yuko hospitali Moshi, anapasuliwa kesho asubuhi. Nimetoka nyumbani alfajiri."

"Dakika moja tu, mama."

Garimoshi la Moshi lilikuwa limesimama pale pale, linatoa mvuke. Mama alihamisha kikapu mkono huu, akakirudisha mkono ule. Karani akacheka, nami nikaongeza neno. Mara kipenga kikalia. Mama akakimbia hatua chache, akasimama. Behewa la mwisho lilikuwa linampita.

Nilitamani anitukane. Alirudi polepole, akauliza, "Umemaliza, mwanangu?"

Garimoshi lingine la Moshi lilikuwa la kesho yake jioni. Nilihangaika naye barabarani mpaka lori moja la katani likakubali kumpakia.

Wasomaji huniuliza wafanyeje ili siku iwatoshe, nami huwaambia waamke mapema. Mama yule aliamka mapema kuliko mimi. Muda wake niliula mimi, na mpaka naandika haya sijui kama alimwahi binti yake.